Kuung'oa Mfuato

"Muzdalifa Ubwa!" karani aliita kutoka dirishani, na benchi zima likageuka kumtafuta mwenye jina.

Hakuna aliyeitika. Karani akaita tena kwa kuvuta sauti, na mara ya tatu akagonga kioo kwa pete yake. Mwanamke mwembamba aliyekaa ukingoni mwa benchi, ushungi wake umefifia kwa chumvi na jua, alikuwa akiitazama feni ya darini. Jirani yake alipomgusa bega ndipo aliposhtuka, akainuka na kukimbilia dirishani.

"Mtu akiitwa huitika naam," karani akamwambia. "Au nyinyi wa shamba mkifika mjini mwataka mfuatwe mlipokaa? Rudi mwisho wa foleni."

"Sikusikia, mwanangu. Sikio la upande huu limekufa, na la pili linafuata. Hilo ndilo lililonileta."

"Kila mtu kaletwa na lake. Mwisho wa foleni."

Shadya Mansour, aliyekuja kumchukulia mama yake dawa za presha, alikuwa ndiye anayefuata dirishani. Alimshika yule mwanamke mkono kabla hajageuka. "Kaa mahali pangu, dada. Mimi ntakwenda nyuma." Karani akasonya. Akaandika jina, akasubiri kompyuta ifungue habari za mgonjwa, kisha akazisoma kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, maana zahanati ile ya Mlandege haikuwa na desturi ya kunong'ona.

"Muzdalifa Ubwa, wa Kiwengwa. Ulipigwa sindano za figo hapa hapa mwezi uliopita. Uzito, kilo tisini na sita."

Benchi likaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye bakora akasema, "Labda alipimwa na gunia la mwani kichwani!" Vicheko vikaongezeka. Muzdalifa, ambaye hakuyapata maneno vizuri, alitabasamu naye, tabasamu la mtu anayewaona wenziwe wanacheka na kuona haya kubaki nyuma.

Shadya hakucheka. Kati ya watu wote waliokuwamo mle ndani yeye peke yake ndiye aliyejua namba ile ilitoka wapi.

"Kwenye mstari wa juu yake pameandikwa nini?" akamuuliza karani.

"Hizo siri za wagonjwa, dada."

"Sikuulizi jina. Nakuuliza uzito."

Karani alitaka kumjibu jeuri, lakini udadisi ulimzidi nguvu. Akapandisha mstari mmoja, akatazama, akatazama tena. Sauti yake sasa haikufika mlangoni. "Tisini na sita," akasema.

*

Lugha ya Ukili ilizaliwa katika chumba cha juu cha nyumba yao ya Mji Mkongwe, wakati Shadya alipokuwa chuoni na baba yake, Maalim Mansour Himid, akisomesha hisabati skuli ya sekondari. Maalim alichoka kuwaona wanafunzi wenye akili kama moto wakizimika mbele ya kompyuta kwa kuwa kila amri ilikuwa ya kigeni. Basi baba na binti wakatunga lugha ambayo mtoto wa Makunduchi angeweza kuiandikia programu kwa maneno anayoyaota usiku. Wakaiita Ukili kwa ajili ya Bi Mwanapili, mkewe Maalim na mama yake Shadya, ambaye kutwa alikuwa akisuka ukili wa mikeka pembeni yao na kuwauliza lini watamaliza ili apate kufagia. Skuli zikaipokea. Baadaye wakaichukua na wenye maduka, na mwisho zahanati.

Ndani ya lugha hiyo mlikuwamo kitu kimoja ambacho hata waalimu wengi hawakukijua. Maalim alikiita mfuato. Palipoachwa pengo, Ukili haukulalamika; ulichukua kilichoandikwa mstari wa juu na kukishusha. Maalim aliutoa dukani kwa marehemu baba yake, ambapo bidhaa ikirudiwa daftarini, mzee alichora vijistari viwili chini ya neno, na kila mtu akajua maana yake ni kama juu. Wageni waliokuja kuitazama lugha walipoonyeshwa mfuato walitikisa vichwa kwa kupendezwa, na Maalim, ambaye hakuwa mtu wa makuu, kwa hilo tu aliruhusu nafsi yake ijione.

Talal, mkuu wa zahanati, alimsikiliza Shadya ofisini siku ile ile huku akipekua simu. Akakiri kwamba wiki aliyotibiwa Muzdalifa mizani ilikuwa mbovu, kwamba muuguzi aliacha pengo kwenye uzito, na kwamba ni programu ndiyo iliyopiga hesabu ya dozi. Sindano zile hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Zikizidi, huua masikio, na masikio hayo hayafufuki.

"Muuguzi tushamwachisha," akasema Talal.

"Na programu?"

"Programu imefanya kazi yake. Si nyinyi wenyewe mliotupigia sifa kwamba lugha yenu haikwami? Haikukwama." Akaweka simu chini. "Na usilitangaze hili, Bi Shadya. Jumatatu toleo jipya la Ukili linaingizwa kwenye vituo vya afya vya mashamba. Utawatia watu hofu bure."

"Vituo vya mashamba vina mizani?"

Talal akaiokota simu yake tena. Huko nje, foleni ilikuwa imefika mpaka barazani.

*

Maalim Mansour alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Darajani na mkate wa mofa mkononi, kama alivyorudi nao kila jioni tangu mama yake mwenyewe yu hai. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila ya kumkata, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma, alilia kidogo. Kisha akapangusa miwani.

"Kosa la mizani," akasema.

"Baba, mizani haikumpiga mtu sindano."

"Kosa la muuguzi, basi. Kisu kikimkata mtu hatumlaumu mhunzi."

"Hatumlaumu mhunzi kwa makali. Lakini huyu mhunzi kaweka makali kwenye mpini." Shadya alijisikia sauti inapanda, akaishusha. "Mfuato uondoke. Toleo la Jumatatu lisitoke nao."

Kati yao palikuwa na ahadi ya tangu mwanzo: hakuna kinachoondolewa katika Ukili ila kwa funguo mbili, wa Maalim na wa Shadya, kila mmoja kwa neno lake la siri. Kuongeza, mmoja alitosha. Kuondoa, mpaka wote wawili. Maalim aliiweka kanuni hiyo mwenyewe, kwani alisema kubomoa hakuna kazi.

"Tuandike onyo katika kitabu cha mafunzo," akasema Maalim.

"Nani atakisoma? Karani yule? Hata wewe umesahau ukurasa wa mfuato ni upi."

"Programu za skuli zitavunjika. Zangu zitavunjika. Miaka yote hii mwanafunzi akiacha pengo, Ukili unamwelewa. Hiyo ndiyo adabu ya lugha, mwanangu, kumwelewa mtu ambaye hakumaliza maneno yake."

"Haimwelewi, Baba. Inamsemea."

Maalim akavua miwani tena, na safari hii hakuipangusa. "Sema tu unataka kunifuta," akasema. "Nitakapokufa utaing'oa upendavyo. Madhali nipo, ufunguo wangu sitoi."

Bi Mwanapili, aliyekaa chini na miguu ameinyoosha, alikuwa akisuka. Aliwatazama mmoja baada ya mwengine, akalainisha ukindu kwa maji, akaendelea kusuka. Maalim aliukata mkate, akamwekea kipande mkewe mbele yake.

Usiku Yussuf akapiga simu kutoka Mombasa. Huyu alikuwa mwenzake Shadya katika kuitunza lugha, kijana wa maneno mepesi.

"Kompyuta ya Mzee si uliitengeneza wewe? Neno lake la siri unalijua."

"Nalijua."

"Basi sista, washangaa nini? Tia funguo zote mbili, mambo yaishe. Asubuhi ataona, atanuna siku mbili, atanyamaza. Akinyamaza, kakubali."

Shadya alikuwa keshakaa mbele ya kompyuta, na kwa kweli vidole vyake vilikuwa vishaandika herufi za kwanza. Alipoyasikia maneno ya Yussuf akazifuta moja moja.

"Umesikia ulichosema?" akamuuliza. "Huo ndio mfuato wenyewe. Pengo la Baba nilijaze kwa langu, kisha niseme karidhia."

"Heri hivyo kuliko mtu mwengine akazibika masikio!"

"Ufunguo atautia yeye, kabla ya Jumatatu. Wewe tayarisha majaribio."

"Na asipoutia?"

"Nimekwambia atautia," akasema Shadya, ingawa hakujua bado kwa njia gani.

*

Jumamosi Shadya alikwenda Kiwengwa, akamtafuta Muzdalifa. Alimkuta nyuma ya nyumba akitandaza mwani juani, pahala ambapo wanawake wazee huachiwa kazi, na Muzdalifa hakuwa mzee. Alikubali kuja mjini kwa sharti moja, kwamba asiulizwe kwa nini alitabasamu siku ile zahanati.

Walipopanda ngazi, Maalim alikuwa amekaa kitini akisahihisha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Bi Mwanapili, tuna mgeni."

Maalim alikuwa na sauti ya chini, sauti iliyowafunza wanafunzi wake kunyamaza ili waisikie. Muzdalifa akageuza kichwa, akampa sikio la kushoto. Maalim akarudia. Akageuza tena, akasogea, akaegemea mbele mpaka ushungi ukamporomoka, na Maalim ikambidi amkaribishe kwa mara ya nne kwa sauti ambayo hajapata kuitumia ndani ya nyumba yake. Akaona haya, kama mtu aliyemfokea mgeni.

"Nambie ilivyokuwa," akasema.

"Ilivyokuwa ni kwamba niliumwa, nikaenda. Muuguzi akaniuliza jina, nikasema. Akaniuliza kijiji, nikasema. Mizani ikagoma. Akasema, basi endelea ndani. Nikaendelea ndani."

"Wewe hukusema uzito wako?"

"Hakuniuliza mtu, Maalim. Ningelijibu nini?" Akacheka kidogo. "Hata ningelijua kompyuta yenu ile itaniandika mnene, ningelimwambia mume wangu akauze ng'ombe aninunulie nguo mpya."

Bi Mwanapili akacheka kwa nguvu, akamsogezea kahawa. Maalim hakucheka.

"Na kazi?" Shadya akauliza, kwa sauti ya juu na polepole. "Mwambie Baba habari ya maji."

Muzdalifa akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Sisi tukifunga mwani tunainama, hatutazami bahari. Maji yakianza kujaa, wa mbele huita, wa pili huitika, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Ndiyo saa yetu. Juzi juzi waliita. Mimi sikuitika, wakadhani nishatoka. Nlipoinua kichwa, maji yapo kifuani na wenzangu wapo nchi kavu. Wakanifuata majini na kamba." Akanywa. "Sasa hawanitaki tena majini. Sio kwa ubaya. Wanasema, Muzdalifa, sisi hatuwezi kubeba dhima yako. Kamba zangu za mwani wameshagawana."

Maalim aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na chaki hata siku zisizo za kusomesha.

"Binti yangu," akasema, "mimi nimesikitika, Mungu anajua. Lakini kanuni ni jambo jengine na masikitiko ni jambo jengine. Asiyesema lake, atachukuliwa kwa lililotangulia. Ndivyo watu wanavyoishi. Kimya ni ridhaa. Hata ndoa, ambayo ndiyo mkataba mkubwa, mwari akinyamaza..."

"Akinyamaza nini?" aliuliza Bi Mwanapili.

Maalim akageuka. Mkewe alikuwa ameuweka ukili chini, jambo ambalo hulifanya kwa sala na kwa maiti tu.

"Akinyamaza karidhia," akasema Maalim. "Wajua mwenyewe."

"Mimi nnajua. Wewe ndiye hujui. Baba alisimama nyuma ya pazia na mashahidi wawili, akauliza, je, nikuoze kwa Mansour bin Himid? Mimi ndani nimekaa, wanawake wamenijaa, huyu ananivuta nywele huyu ananipaka hina. Nikanyamaza. Nje wakapiga vigelegele."

"Mwanapili! Kwani hukunitaka?"

"Sijasema hivyo."

"Ulikuwa unasemaje, basi?"

"Sikuwa nasema kitu. Nlikuwa sijajua. Nlikuwa nataka mtu aniulize mara ya pili, lakini pale nliponyamaza mimi mlipajaza nyinyi." Akamwangalia kwa macho ambayo hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Nimeishi na wewe kwa raha, Maalim, alhamdulillahi. Ila tangu siku ile hadi leo hujaniuliza. Na mkate huo wa mofa, mama yako ndiye aliyekuwa akiupenda. Mimi unanipalia kooni."

Muzdalifa, ambaye alikuwa amegeuza sikio lake jema upande wa Bi Mwanapili, akaziba mdomo kwa ushungi. Shadya akatazama dirishani.

"Lakini ukili wenyewe," Maalim akajaribu, kwa sauti ya chini mno, "unasukwa kwa kufuatana. Mimi jina la mfuato nlilipata kwa kukutazama wewe."

"Hukutazama vizuri," akasema Bi Mwanapili, akauokota ukili wake. "Ukindu ukiisha, nauchomeka mwengine kwa mkono wangu, na nauchagua. Haujichomeki."

*

Jumapili baada ya alfajiri Maalim alibisha mlango wa chumba cha kazi, ingawa kilikuwa chake. Akakaa, akavaa miwani.

"Nionyeshe mahali penyewe."

Shadya akamwonyesha. Palikuwa padogo, mistari ya kuhesabika, na bado Maalim alikumbuka mchana ule alioiandika. Alitaka aifute mwenyewe. Akaifuta kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeng'oa msumari asiumize ubao. Kisha akatia ufunguo wake, na Shadya akatia wa kwake.

Majaribio yakaanza, na programu zikavunjika. Ya kwanza kuvunjika ilikuwa ya Maalim mwenyewe, ile ya ratiba ya darasa aliyojivunia mbele ya wageni. Yussuf, aliyekuwa akifuatilia kutoka kwake, akapiga simu.

"Ehe, Mzee! Ya kwako imekwenda na maji!"

"Nimeiona, kijana. Usinicheke. Nambie za skuli."

"Nyingi zimevunjika. Nitawaandikia waalimu jinsi ya kuzirekebisha. Watatutukana."

"Waandikie kwa jina langu," akasema Maalim. "Waambie mfuato niliuweka mimi, ulimharibu mtu, na nimeuondoa mimi. Wakitukana wasikosee mlango."

Kilichobaki kilikuwa ni pengo. Ukili sasa ukikutana nalo ufanye nini? Yussuf alitaka uandike neno KOSA kwa wekundu. Maalim akakataa. Alisema muuguzi ambaye mizani yake mbovu hana kosa; anachohitaji ni kusimamishwa. Akafikiri mpaka chai ikapoa, kisha akaandika: *Hapa hapajajazwa. Muulize mwenyewe.*

"Na mwenyewe akiwa hawezi kusema?" Shadya akauliza.

"Basi isubiri mpaka apimwe. Isiendelee."

"Watalalamika kwamba lugha yetu inakwama."

"Ikwame," akasema Maalim.

Toleo likatoka Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri Talal alikuwa kwenye simu. Programu imesimama, akasema. Kila mgonjwa inauliza, inauliza, kama askari wa bandarini. Foleni imefika barabarani, na vituo vya mashamba navyo vimeanza kupiga. Shadya alimwacha amalize.

"Inauliza nini?"

"Uzito! Na mizani imeharibika tena!"

"Basi nunueni mizani, Bwana Talal."

"Wewe huelewi hali ilivyo hapa. Turudishie ilivyokuwa, hata kwa wiki moja tu."

"Kurudisha ni kuongeza, na kuongeza natosha peke yangu," akasema Shadya. "Sitarudisha. Na yule muuguzi mliyemwachisha, baba yangu anakuja kuonana nawe kwa habari yake. Leo. Mtafutie kiti."

Upande wa pili kukawa kimya. Shadya hakukifasiri kimya kile kwa lolote. Akangoja mpaka Talal aliposema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango, kwamba aje baada ya saa tisa.

*

Maalim alirudi kutoka zahanati jua limepungua. Hakupata yote aliyokwenda kuyataka: muuguzi angerudishwa, walisema, suala lake likishazungumzwa, na mizani ingenunuliwa baadaye. Masikio ya Muzdalifa hayakuwa na mtu wa kuyarudisha, na Maalim alilisema hilo kwa Talal usoni, akaahidi kurudi Alkhamisi, na Alkhamisi ya pili, mpaka wamchoke. Karani alimfungulia Muzdalifa, aliyekwenda na Maalim, habari zake mbele yake, akampima kwa mizani ya kuazima, akaandika kilo arobaini na moja. Safari hii hakusoma kwa sauti.

Bi Mwanapili alikuwa pale pale chini, mkeka umekaribia kukamilika. Maalim alichukua kikapu chake ukutani, akafika hadi mlangoni, akasimama.

"Mwanapili."

"Naam."

"Nnakwenda Darajani. Wataka mkate gani?"

Bi Mwanapili aliinua uso, ukindu ameubana midomoni. Hakujibu. Chini, kichochoroni, muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, na sauti ile ikazunguka kona ikapotea. Mguu wa Maalim, uliozoea, ulikuwa umeshavuka kizingiti kwenda kununua mofa; akaurudisha ndani.

Akaweka kikapu chini, akavuta kigoda, akakaa kusubiri.